Kona ya Wahandisi: Mbili Kati ya Tatu



Toleo hili tunawaletea chuma. Kwenye mitambo ya mafuta na gesi, mfumo wa usalama hukaa ndani ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayofungwa kwenye rafu yenye upana wa inchi 19, kadi zake zikichomekwa kwa safu. Kazi yake si kuendesha mtambo, bali kuuzima mambo yakiharibika.

Chesisi ya Tricon ina prosesa tatu zinazofanya hesabu ileile, kisha zinapiga kura. Mbili zikikubaliana, ya tatu haisikilizwi, na kadi mbovu hubadilishwa huku mtambo ukiendelea na kazi.

Chesisi hiyo ina pia swichi ya ufunguo. Mwaka 2017, katika mtambo mmoja wa kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, ufunguo uliachwa upande wa kubadilishia programu. Wadukuzi wakapenyeza programu yao, ambayo baadaye iliitwa Triton. Ukaguzi ukakuta prosesa hazilingani, mfumo ukauzima mtambo, na hila ikafichuka.

Baadhi yetu tuna baba na wajomba wanaofanya kazi kwenye mitambo ya gesi Oman. Safari ile mtambo ulizimika kabla ya balaa, lakini kura tatu hazitoshi kama mlango umeachwa wazi. Mkiwapigia simu wiki hii, baada ya salamu waulizeni: ufunguo anaushika nani?