Mama alidhani ni jeuri, kumbe ni hedifoni

Mara ya tatu alipoita bila kujibiwa, mama alisimamisha cherehani. Ilikuwa saa kumi alasiri katika nyumba moja ya Kihonda, mjini Morogoro, na binti yake wa miaka 17 alikuwa kwenye chumba cha stoo, hatua chache tu kutoka pale. Katika nyumba hiyo mtoto wa kike akiitwa anasema "abee", hata kama yuko bafuni. Mama aliingia stoo na maneno yakiwa tayari mdomoni. Akamkuta binti ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaandika maneno ya wimbo kwenye daftari. Hedifoni zilikuwa shingoni, si masikioni.

"Nakuita tangu saa ngapi?"

Binti alishtuka. "Nisamehe mama, sijakusikia. Masikio yananilia tangu jana. La kulia zaidi."

Kofi lililokuwa njiani likaishia hewani.

Binti huyo alimaliza kidato cha nne Novemba na alikuwa nyumbani akisubiri matokeo. Anaimba kwaya kanisani na alikuwa akitaka kurekodi nyimbo zake mbili za injili. Studio ya mtaani ilimpa nafasi, lakini saa zake zilikuwa za usiku, kwa kuwa mchana prodyuza ana kazi nyingine na mtaa una kelele. Alirudi kwa bodaboda saa tano usiku mara mbili. Mara ya tatu mama alikataa. Kikoba kilipovunjwa mwanzoni mwa Desemba, alichukua sehemu ya fungu lake akaamua studio ihamie stoo, pale ambapo angeisikia sauti ya mwanawe akiwa kwenye cherehani. Ni uamuzi ambao wazazi wengi wenye mabinti wanaoimba watauelewa bila kuelezwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la dukani. Binti aliuziwa kifurushi chenye maiki nyeusi na kile kisanduku kinachoitwa V8, chenye vitufe vya kicheko na makofi. Kisanduku hicho kina kazi yake: mtu anayezungumza mubashara kwa simu atakifurahia. Kwa kurekodi wimbo, sauti ilitoka na mvumo, hafifu, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Maiki iliyokuja nayo ni ya aina inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa inachochomekwa, na waya uliokuwa ndani ya boksi, wenye kichwa chembamba kama cha hedifoni ya simu, hauwezi kupitisha umeme huo.

Baba yake, dereva wa lori anayekwenda Tunduma, aliposikia kwamba fedha nyingine inatakiwa wiki mbili baadaye, alicheka kwa namna isiyo ya furaha. Lakini alitoa.

Safari hii waliulizia kwanza. Fundi mitambo wa kwaya aliwaandikia kwenye karatasi kinachotakiwa: saundi kadi ya nje, ile ambayo wenye taaluma huiita odio intafesi. Kazi yake ni moja: inapokea sauti kutoka kwenye maiki, inaikuza, inaigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta inazielewa, kisha inairudisha kama sauti kwenye hedifoni au spika. Kwa mtu mmoja anayeimba, tundu moja la maiki linatosha, na hakuna sababu ya mzazi kulipia manane. Asichotakiwa kukosa ni tundu la XLR, lile la pini tatu, swichi iliyoandikwa 48V, na kitufe cha kujisikia moja kwa moja, ambacho huandikwa "Direct Monitor". Focusrite Scarlett Solo na Behringer UMC22 zote zina vitu hivyo vitatu, na ya pili kwa kawaida ndiyo nafuu. Waya wa XLR pande zote mbili hununuliwa peke yake, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi mpaka mteja afike nyumbani.

Basi kifaa kilikuwa kizuri. Maiki ilipata umeme wake. Na ni kifaa hicho kizuri kilichoanza kumuumiza binti.

Ilivyotokea ni rahisi kueleza, na inatokea katika vyumba vingi. Binti alichomeka kila kitu bila kupanga chochote. Sauti yake iliingia kwenye maiki, ikapita kwenye saundi kadi, ikaenda kwenye kompyuta mpakato ya kaka yake, ikazunguka humo, ndipo ikarudi masikioni. Mzunguko huo ulichelewa kidogo, sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini mwimbaji anayejisikia akichelewa hupotea kama mtu anayeongea na simu yenye mwangwi. Biti nayo ilikuwa juu kuliko sauti yake. Na upande wa pili wa ukuta cherehani ya mama ilikuwa inakimbia. Alichofanya ni kile ambacho yeyote angefanya: alizungusha kitufe cha hedifoni kulia. Kesho yake akazungusha tena kidogo.

Wiki ya mwisho alijifunza ujanja wa waimbaji wa kuvaa upande mmoja tu wa hedifoni ili sikio jingine lisikie sauti yake halisi chumbani. Ujanja huo si mbaya. Lakini sikio moja likisikiliza peke yake, muziki huonekana umepungua, na mkono unarudi kwenye kitufe. Sikio la kulia lilibeba mzigo wa mawili, saa nne hadi tano kwa siku.

Simu nyingi za kisasa humwonya mtumiaji anapopandisha sauti ya hedifoni kupita kiasi. Saundi kadi haina onyo hilo. Imetengenezwa ikidhani anayeitumia anajua anachofanya, na ina nguvu ya kutosha kuumiza.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojisokota kama konokono, chenye takribani seli 15,000 zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Zikichoshwa na kelele huzubaa, ndipo mtu anaposikia mlio usiokuwepo au kuhisi kama ana pamba masikioni. Zikipumzishwa kwa saa kadhaa au siku moja hivi, nyingi hurudi. Zikichoshwa kila siku, baadhi hufa, na seli hizo kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya matone wala ya kunywa inayozirudisha, na mafuta ya moto ambayo bibi wengine huyatia sikioni yanaweza kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Zinazotangulia kuharibika kwa kawaida ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mtoto haonekani kuwa kiziwi. Anasikia mlango, anasikia gari, anasikia kwamba ameitwa, ila herufi kama s, f na sh zinamponyoka, "fika" na "shika" zinafanana, na anaanza kujibu kisichoulizwa. Nyumbani huitwa jeuri. Shuleni huitwa utovu wa umakini.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya vijana bilioni moja duniani wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Shirika hilo linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa watoto. Wazazi wengi wakisikia saa 40 hupumua. Wasiharakishe. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 90 zinabaki saa 4 kwa wiki nzima, na kwenye 100 ni kama dakika 20. Muda wa wimbo mmoja kurudiwa mara tano, basi, wiki imekwisha.

Mama alimpeleka binti hospitalini siku tatu baadaye, hedifoni zikiwa zimefungiwa kabatini. Daktari wa masikio, pua na koo alichungulia kwanza kuona kama kuna nta au usaha, hakukuta. Kisha binti aliketishwa kwenye chumba cha utulivu akasikilizishwa milio midogo, ya nzito na ya nyembamba, akiinua mkono kila anaposikia. Sikio la kushoto lilikuwa sawa. La kulia lilishuka kidogo kwenye sauti nyembamba. Daktari hakusema limeharibika, wala hakusema limepona. Alisema lipimwe tena baada ya miezi mitatu, na kwamba kati ya sasa na siku hiyo kila saa ya kelele inahesabika.

Baba alitaka mashine iuzwe jioni hiyohiyo. Mama alimuuliza kama anataka binti arudi studio ya saa tano usiku. Hawakuelewana usiku huo. Waliafikiana asubuhi kwamba fundi mitambo aje kwanza.

Alifika Jumamosi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pita huku, njoo umwokoe mdogo wako." Alikaa kama saa moja, na sehemu kubwa ya muda huo hakugusa kitufe cha hedifoni kabisa.

Alianza na draiva, ile programu ndogo ya mtengenezaji inayoifanya kompyuta ielewane na saundi kadi. Binti hakuwahi kuiweka. Kisha akabonyeza kitufe cha kujisikia moja kwa moja, na sauti ya binti ikawa inarudi masikioni bila kupitia kwenye kompyuta. Kuchelewa kukaisha hapohapo. Ndani ya programu ya kurekodi akazima njia ya pili ya sauti hiyo ili asijisikie mara mbili.

Baada ya hapo akamwambia aimbe kiitikio kwa nguvu zake zote, yeye akizungusha kitufe cha geini cha maiki taratibu huku akitazama kipimo kwenye kioo. Alitaka kilele cha sauti kifike kati ya 12 na 6 chini ya sifuri, kisiguse sifuri. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imekatika na hakuna mtaalamu wa kuirudisha. Ikiwa ndogo sana, mwimbaji hajisikii na atatafuta kitufe cha hedifoni.

Ndipo likaja jambo ambalo mama anasema ndilo lililomfungua macho. Binti alilalamika bado hajisikii vizuri. Fundi hakupandisha sauti yake. Alishusha biti. Akaishusha tena. Sauti ya binti ikajitokeza juu ya muziki kama mtu aliyesimama, na hedifoni zikabaki chini. Wazazi wanaoweza kukumbuka kitu kimoja tu kuhusu mashine hii wakumbuke hicho.

Mengine yalikwenda haraka. Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, kwa sababu zinazuia cherehani isiingie na biti isivuje kwenye maiki. Kitufe chake kirudishwe sifuri kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya, na hedifoni zivuliwe kabla ya kuwasha au kuzima zile volti 48, maana mlipuko wake ni mfupi lakini ni mkali. Akitaka kusikiliza upande mmoja, upande usiotumika uzimwe kwenye programu, na unaotumika usipandishwe. Kompyuta ikivuma, ichomolewe chaja na kurekodi kuendelee kwa betri.

Trei za mayai ambazo binti alianza kuzibandika ukutani zilitolewa. Hazizuii kelele ya nje, zinapunguza mwangwi kidogo sana, na katika chumba chenye nyaya zinashika moto upesi. Godoro la wageni liliegemezwa nyuma ya mwimbaji, na blanketi mbili nzito zikaning'inizwa pembeni. Khanga ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Mwishowe fundi alitumia programu ya kupima sauti kwenye simu, akaiweka kwenye kikombe cha hedifoni. Si kipimo cha hospitali, lakini kilitosha kuonyesha tofauti kati ya alipokuwa binti na alipo sasa. Mama alileta rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu kwenye kitufe na mwingine kwenye kisanduku. Mistari hiyo isipitane. Kurekodi ni saa moja, kisha mapumziko ya robo saa bila kitu sikioni, na kwa siku si zaidi ya saa mbili. Saa ya kurekodi ikifika, cherehani inasimama. Mama anatumia muda huo kukata vitambaa na kuweka vifungo, kazi zisizo na kelele.

Baba bado hajaridhika. Akipiga simu kutoka barabarani anaomba aongee na binti, na huongea kwa sauti ya chini makusudi, akisikiliza kama atajibiwa sawasawa. Wimbo wa kwanza umekamilika. Wa pili umebaki ubeti mmoja, na utasubiri, kwa kuwa tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi iliyobanwa ukutani juu ya cherehani, na mama amesema ubeti huo utaimbwa baada ya hapo.