Mbegu za Bustani Zisizotiwa Dawa

Wako miongoni mwenu wapendao kulima mboga pasipo dawa wala mbolea za viwandani, nao wauliza: mbegu zenyewe twazinunua wapi? Yatupasa kusema kweli tangu mwanzo. Mbegu zilizozalishwa kwa kilimo hai, zenye alama ya Kilimohai, ni adimu katika maduka ya Shinyanga, Kahama na Geita. Lakini Kanuni za Kilimo Hai za Afrika Mashariki, zilizotolewa mwaka 2007, zampa mkulima ruhusa: asipozipata hizo, na atumie mbegu za kawaida, mradi hazikutiwa dawa.

Basi uingiapo katika duka la pembejeo, uliza neno hilo kabla ya kuuliza bei. Mbegu iliyotiwa dawa hupakwa rangi, nyekundu au buluu au kijani, ili mtu asije akaila. Na pakiti yake husema. Mahindi ya dukani mara nyingi ndivyo yalivyo. Mchicha na bamia ni rahisi zaidi kuzipata tupu. Tazama na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali ithibitishayo mbegu, pamoja na tarehe yake. Mbegu zipimwazo kwa kifuniko cha chupa sokoni, kutoka pakiti iliyoshinda wazi juani, sisi hatuzisifu hata zikiwa rahisi, maana muuzaji mwenyewe hajui ni za mwaka gani. Tena pakiti yenye alama ya F1 ni chotara: yazaa vizuri, illa mbegu utakazojitunzia hazitafanana na mama yao, nawe utarudi dukani kila msimu.

Kwa mgagani, kunde na maboga hakuna haja ya kufika dukani. Waendee akina mama wazee wa kijiji, ambao huzihifadhi mbegu katika kibuyu pamoja na majivu, nao hutoa kwa kubadilishana. Na mtakao marando ya viazi vitamu au pingili za muhogo zisizo na ugonjwa, ulizeni katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, huko Misungwi.

Mbolea nayo tunayo nyumbani. Nchi ya ng'ombe wengi namna hii kununua mbolea ya bustani! Samadi ya zizi, ikiisha kukaa miezi kadhaa hata ikapoa na kuwa nyeusi, yatosha. Na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa hufukuza wadudu wengi.

Lakini kwenu ninyi mkaao Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa na penginepo wachimbapo dhahabu, iko habari nyingine iliyo kubwa kuliko mbegu. Twaona watu wakimwagilia mboga kwa maji ya madimbwi ya kuoshea dhahabu, na wengine wakichukua mchanga wa marudio kulainisha udongo wa mbuga. Mchanga ule una zebaki; na palipochenjuliwa kwa sayanaidi, una sumu hiyo pia. Zebaki haiozi kama samadi, bali hukaa udongoni miaka mingi, na yaweza kuingia katika mboga. Tena dhahabu inapochomwa, moshi wake hutua juu ya majani, wala kuosha hakuondoi yote. Madhara yake ni makubwa hasa kwa mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania iliutia sahihi.

Bustani hapo, hata mbegu ikiwa safi namna gani, haifai kuitwa hai. Ihamisheni mbali na mialo na machomeo, upande wa juu maji yatokako. Asiye na mahali pengine na ajaze magunia udongo ulioletwa kutoka mbali na machimbo, achanganye na samadi, apande mchicha humo, na kumwagilia maji ya mvua yaliyokingwa penye paa lililo mbali na moshi ule.