Mtoto aliye tumboni na ukimya wa mimbari za nchi ya chai

Agosti 4, 2010, Wakenya walipopigia kura rasimu ya katiba, sehemu kubwa ya Kericho na Bomet ilisema La. Siasa zilichangia, lakini makanisa nayo yalikuwa yameipinga kwa nguvu Ibara ya 26. Ibara hiyo yatamka kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, kisha yaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama imo hatarini. Katiba ilipita kwa takriban asilimia 67 nchini kote. Hadi leo wahubiri wa nchi ya chai humtetea mtoto aliye tumboni, na katika hilo hawajakosea.

Swali wanalolikwepa ni hili: mtoto huyo akifa kabla ya kuzaliwa, huenda wapi?

Anayelala na swali hilo ni mchuma chai ambaye mimba yake iliharibika, akaambiwa pole na kuhimizwa apate mwingine. Yuko pia aliyeiavya kwa siri, ambaye hathubutu kumuuliza mtu yeyote.

Jibu lipo, na makanisa yenyewe ndiyo yanayolimiliki. Augustino aliwahukumu kwa ukali watoto waliokufa bila ubatizo, na kwa karne nyingi Wakatoliki walifundishwa habari za limbo, mahali pa kando wanapokaa watoto hao bila kumwona Mungu, ingawa haikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani. Aprili 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilichapisha hati inayosema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao huokolewa. Hata Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1183, humruhusu askofu kutoa kibali cha mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walinuia kumbatiza. Ni Wakristo wangapi wa Jimbo la Kericho waliowahi kuambiwa hivyo?

Upande wa Waprotestanti wako Africa Gospel Church, tunda la wamisionari wa World Gospel Mission, walioanzisha pia hospitali ya Tenwek mwaka 1937. Mizizi yao ni ya John Wesley, aliyefundisha kwamba hakuna mtoto mchanga anayetupwa jehanamu kwa hatia ya Adamu. Fundisho hilo lingetosha kumtua mama mzigo, lau angelisikia kanisani.

Wapo wanaohofia kwamba tumaini hili litafanya uavyaji mimba uonekane jambo jepesi. Hofu hiyo haina msingi. Kanisa huamini kwamba mtoto aliyebatizwa akifa huenda kwa Mungu, wala hakuna anayedai kwamba hiyo ni ruhusa ya kumuua.

Lakini kumtetea mtoto kunaanza kabla ya mimba. Februari 2023, BBC ilirusha uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadhulumu kingono katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay, hapa hapa Kericho. Ukichuma chai ili watoto wale, na anayegawa kazi anadai mwili wako, mimba itakayotungwa hapo haikutokana na uhuru wako. Makadirio ya mwaka huo huo wa 2023 yanaonyesha karibu mimba 793,000 zilizoavywa Kenya. Msichana akishika mimba nje ya ndoa, makanisa mengi humtenga mbele ya waumini wote; mwanamume akabaki kwenye benchi lake bila kuulizwa neno. Huo si utetezi wa uhai.

Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote idhini ya kudumu ya kuwaondolea wanaotubu dhambi ya kuavya mimba. Habari hiyo yafaa kutangazwa kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji, katika jumuiya ndogondogo na katika nyumba za kampuni, sambamba na kanuni ya 1183 na mafundisho ya Wesley. Na wazee wa kanisa wanaomwita msichana mjamzito mbele yao wamwite pia aliyempa mimba, hata akiwa ndiye msimamizi wa shamba.