Anayetaka Kuwa Munganga Asikimbie Fizike

Ndugu wanafunzi, wakati wa kuchagua masomo umekaribia. Wanaotaka kuwa wanganga wanajibu upesi: "Biolojia na shimi, basi! Fizike na hesabu ni za mainjenia." Mimi siwakubalii, ingawa mwaka jana nilisema vilevile, sababu pointi zangu za hesabu zilinitisha.

Tazameni kazi yenyewe. Mtoto wa kilo 12 ana homa. Sherti apate miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo, na katika mililita 5 za dawa ya maji muna miligramu 120. Atakunywa ngapi? Ni mililita 7.5. Asiyejua kuhesabu atakisia, na mama anamtazama. Na kupima tansio, si fizike tupu hiyo?

Daktari Mukwege wa Bukavu, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alimaliza bio-shimi mwaka 1974. Kisha akakaa miaka miwili politekniki kule Kinshasa, ndipo akaanza unganga Burundi mwaka 1976. Hesabu haikumzuia.

Mwalimu wetu wa fizike anabaki kalasini kila Alhamisi kwa wenye maulizo. Juma lililopita tulikuwa watatu tu.