Umeme wa Majirani na Mitambo ya Kipevu

Asimamaye ukingoni mwa Kilindini na kutazama ng'ambo ya maji, upande wa Kipevu, huyaona mabomba marefu ya moshi jirani na gati za mafuta. Wengi huyapita bila ya kuyajali, ilhali ndiyo yanayobishaniwa kila inapozungumzwa habari ya kununua umeme kutoka nchi jirani. Wako wanaodai kwamba sasa yazimwe yote, kwa kuwa Ethiopia ina maji tele na bei yake ni nafuu. Madai hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Kwanza tuiweke sawa historia. Umeme wa kununuliwa ng'ambo si uzushi wa juzi. Jenereta iliyouanzisha umeme wa Mombasa ilitoka Unguja: Seyyid Barghash aliipata mwaka 1875 ili kuangaza kasri lake na barabara za karibu, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa iliunganishwa na ile ya Nairobi, ikazaliwa East African Power and Lighting, ambayo baadaye ilifika hadi Tanganyika. Lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls huko Jinja mwaka 1954, kampuni nyingine iliundwa mwaka huo huo ili kuvuta waya kutoka Tororo hadi Nairobi. Kwa hiyo soko la umeme la Afrika Mashariki limeutangulia uhuru wetu.

Lililobadilika ni ukubwa wake. Tangu Novemba 2022 Kenya hupokea umeme wa Ethiopia kwa njia yenye urefu wa kilomita 1,045, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Mkataba ni wa miaka 25, kwa senti 6.5 za dola kwa kila uniti, ukianza na megawati 200. Mwishoni mwa 2024 njia ya Isinya hadi Singida kupitia Arusha ilitiwa umeme, nasi tukaunganika na Tanzania, ambayo bwawa lake la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Septemba 2025 Ethiopia ilizindua rasmi bwawa lake kuu la Naili. Na tangu mwaka 2005 upo muungano wa kikanda wenye makao yake Addis Ababa, uliokusudiwa kuwawezesha majirani kuuziana umeme.

Mbele ya hayo yote Kipevu huonekana kama mzee aliyesahauliwa barazani. Mitambo yake hula mafuta mazito yaletwayo na meli, na gharama ya mafuta hayo peke yake, kabla ya ujira wa mtambo wenyewe, huipita bei ya Ethiopia. Mwenye kutaka ushahidi na aitazame ankara yake ya mwezi, mahali palipoandikwa gharama ya mafuta.

Lakini mitambo hiyo haikujengwa kwa ujinga. Kipevu ya kwanza ilianza kazi mwaka 1999. Mwaka uliofuata ukame uliyakausha mabwawa ya mto Tana na nchi nzima ikagawiwa umeme kwa saa. Tsavo ilifuata mwaka 2001, kisha Rabai, kisha Kipevu ya tatu yenye megawati 120 mwaka 2011. Isitoshe, Pwani iko mkiani mwa gridi. Mwalimu wa fizikia atawaeleza wanafunzi wake kwamba umeme hauwekwi ghalani kama mahindi: hutumika papo hapo unapozalishwa, na kadiri waya unavyorefuka ndivyo nguvu yake inavyofifia usipopata msaada wa mtambo ulio karibu. Njia kubwa ya Nairobi hadi Rabai, iliyokamilika mwaka 2017, ilituletea mvuke wa Olkaria na kuipunguzia Kipevu mzigo. Haikuondoa haja ya kuwa na mtambo jirani.

Tarehe 6 Septemba 2024 njia ya Loiyangalani iliyobeba megawati 288 za upepo ilikatika huko Suswa, na mara ile ya Ethiopia yenye megawati 200 ikafuata. Sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Na wa kutufunza zaidi ni ndugu zetu wa Unguja, waliotegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 walikaa gizani karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 wakakaa miezi mitatu. Pampu za maji zilinyamaza, samaki wakaoza, hoteli zikaunguruma kwa jenereta. Hawakuwa na Kipevu yao.

Wala tusidhani kwamba mto wa jirani haukauki. Mwaka 2024 ukame uliishusha Kariba hata Zambia ikawa na umeme saa chache tu kwa siku.

Kwa maoni yangu, tununue umeme wa majirani, tena kwa wingi, lakini baadhi ya mitambo ya Pwani ibakizwe kama akiba, iwashwe kwa dharura na saa za jioni. Hapo ndipo penye utata wenyewe, kwa sababu mtambo wa akiba hulipwa hata ukilala. Mkataba wa Tsavo wa miaka 20 ulimalizika mwaka 2021. Mingine nayo itafikia kikomo. Kabla haijarefushwa, wananchi waelezwe ni kiasi gani kinacholipwa kwa mtambo uliolala na ni kiasi gani kwa umeme uliozalishwa. Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kusafirisha gesi asilia hadi Mombasa. Bomba hilo likijengwa, hesabu ya mafuta mazito itabadilika kabisa. Ni haki ya mlipa ankara wa Majengo au Likoni kujua limefikia wapi kabla ya kufungwa kwa miaka mingine 20 kwenye mkataba wa mafuta.