Kamba Laini Yakata Bomba Gumu

Bomba la maji lilipasuka nyuma ya nyumba za walimu, tena mahali pabaya kabisa: kati ya bomba na ukuta hapakuingia hata vidole viwili. Fundi aliyeitwa aliutia msumeno wake, akautoa. Akautia tena kwa upande, akautoa. Wanafunzi waliokuwa wakizoa matope wakaanza kunong'onezana. Ndipo mzee yule alipofungua mfuko wake, akatoa kamba nyembamba ya nailoni, ile ambayo waashi huinyosha ili kupanga matofali. Akaipitisha nyuma ya bomba, akazishika ncha zote mbili, akaanza kuvuta huku na huku kama mtu ajifutaye mgongo kwa taulo. Kabla wavulana hawajamaliza kucheka, bomba lilikuwa vipande viwili.

«Bwana Mwalimu,» mmoja wao akatuuliza, «kitu laini chakataje kitu kigumu?»

Swali hilo lilistahili jibu bora kuliko lile tulilompa palepale na matope miguuni. Twajaribu tena hapa.

Msumeno hukata kwa meno. Kamba haina meno, bali hukata kwa joto. Wazee wetu waliopekecha kijiti juu ya ubao mkavu mpaka moshi ukatoka walilijua jambo hili vema: nguvu ya mkono haipotei, hugeuka kuwa joto pale vitu viwili visuguanapo. Sasa, plastiki ya mabomba iitwayo PVC, ile ya tiyo za maji tuzionazo kila duka la vyombo vya ujenzi, huanza kulegea kwenye digrii 80 hivi, yaani kabla ya joto la maji yachemkayo. Nailoni haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 220, na aina nyingine yake hustahimili hata kufika 260. Basi bomba hulegea na kusukumwa kando hali kamba ingali nzima.

Kuna sababu ya pili, na twamwomba msomaji aishike, maana tutairudia. Kamba yaenda, bomba limetulia. Kila kipande cha kamba hugusa bomba kwa dakika isiyohesabika, kisha hupita na kupoa hewani. Lakini bomba lasuguliwa mahali palepale pamoja tu, halina nafasi ya kupumzika. Joto lote lajikusanya katika mfereji mwembamba, na plastiki, tofauti na chuma, hailisafirishi joto kwenda mbali. Ndiyo sababu hila hii haifai kwa bomba la chuma, wala kwa ubao: ubao utatoa moshi na kung'aa, nawe utachoka bure.

Anayetaka kuijaribu na atafute kamba ya nailoni iliyosokotwa, yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, aifunge vijiti viwili kwenye ncha zake ili isimkate viganja. Afunge maji kwanza. Ahakikishe kwamba ndani ya bomba hamna nyaya za umeme, kwani mabomba ya namna hiyo hutumika pia kuficha nyaya ukutani. Atie alama, akwaruze kidogo kwa kisu ili kamba isiteleze, kisha avute kwa mivuto mirefu, akitumia kamba yote na si kipande cha katikati tu. Kamba isijizungushe ikajikata yenyewe: ipite nyuma ya bomba kama herufi U, basi. Moshi ukionekana, apunguze mwendo na ageuze uso, kwa sababu PVC ikiungua hutoa hewa ya asidi iumizayo kifua. Mwishoni aparuze makovu yaliyobaki kwenye mdomo wa bomba, la sivyo gundi haitashika vizuri na uchafu utanasa humo. Usitazamie mkato ulionyoka kama wa msumeno. Zile kamba za rangirangi za sokoni, tufungazo mbuzi, nyingi si nailoni. Ni plastiki nyingine iyeyukayo kwenye digrii 160 hivi, nazo hukatika upesi.

Wengine watasema kwamba hila hii ni ya juzi. Nailoni kweli si ya kale: Wallace Carothers na wenzake waliitengeneza huko Marekani mwaka 1935. Lakini katika machimbo ya marumaru ya Carrara, nchini Italia, tangu mwisho wa karne ya 19 watu waliupasua mlima kwa waya mrefu uzungukao. Huko, hata hivyo, aliyekata si waya wala joto, bali mchanga uliobebwa na waya pamoja na maji.

Turudi sasa kwenye ile sababu ya pili.

Tulipokuwa walimu wapya, mchimba kisima mmoja aliteremshwa shimoni kwa kamba ya nailoni. Juu ya shimo palikuwa na gogo, na kwenye gogo hilo vijana walikuwa wamefunga kitanzi cha nailoni pia. Kamba ya kumteremshia ikapita ndani ya kitanzi. Hapakuwa na gurudumu wala pete ya chuma. Kamba ikashuka mbio, kitanzi kikakaa palepale. Mtu yule alikuwa bado hajafika chini kitanzi kilipokatika, akaanguka, akavunjika mguu. Alipona, lakini hakurudi tena katika kazi ya visima, na nyumba yake ilikuwa na watoto watano.

Ndugu zake walikwenda kwa mwuza kamba. Walisema amewauzia kitu kibovu, wakadai fedha za hospitali. Mwuzaji akakana, akaleta kamba nyingine za fungu lilelile, akawaomba wazivute. Wakaita watu wenye elimu waamue, nasi tukawa miongoni mwao. Tulikitazama kitanzi, tukatikisa kichwa kwa heshima kubwa, tukasema kamba ilikuwa mbovu. Mzee yule akalipa. Aliuza baiskeli yake ili alipe.

Kitanzi kilikuwa mikononi mwetu wakati tukisema hayo. Twakikumbuka vizuri. Kamba iliyochakaa hukatika kwa kuchanika, ikaacha nyuzi zilizotawanyika kama nywele za mgonjwa. Kitanzi kile hakikuwa hivyo: ncha zake mbili zilikuwa ngumu, laini kwa kugusa, ziking'aa kama nta iliyomwagika ikaganda. Ilikuwa alama ya moto, wala hatukuisoma. Fundi alipomaliza kazi nyuma ya nyumba zetu, tuliokota kipande cha bomba alichokitupa. Mdomo wake ulikuwa na mng'ao uleule.