Mchezo wa Krenki

Lipo neno moja dogo ambalo katika ukumbi wa chuo halijapata kumdhuru mtu, walakini likiingia gerejini humfilisi maskini. Neno hilo ni mchezo.

Itazamwe pikipiki ya abiria iliyoanza kugonga injini katika njia ya Mkula, mkoani Simiyu. Dereva huendelea nayo siku mbili, kwa sababu msimu wa pamba haungoji, na siku ya tatu chombo hukataa. Injini hushushwa, kasha lake hutenganishwa nusu mbili, na fundi huishika konrodi kwa vidole, akaitikisa, kisha akampigia simu mwenye chombo aliye mjini: "Bosi, krenki ina mchezo." Ni maneno matatu tu, na kwa maneno hayo matatu injini nzima huhukumiwa kifo. Mwenye chombo huagiza injini nyingine. Gharama huongezwa katika mkataba wa dereva, ambaye tangu awali alikuwa akipeleka hesabu kila juma ili chombo kije kuwa chake. Siku za kulala gerejini hazisamehewi.

Je, krenki ile ilikuwa imekufa? Hilo ndilo swali ambalo kauli ya fundi haikulijibu, wala haikuweza kulijibu. Krenki ya pikipiki ya silinda moja si chuma kimoja. Ni magurudumu mawili mazito yaliyounganishwa kwa pini iliyoshindiliwa kwa nguvu, na juu ya pini hiyo huzunguka kichwa kikubwa cha konrodi, katikati yake pana beringi ya sindano. Konrodi hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, na kinachozuia chuma kisile chuma ni utando wa oili, ambayo katika injini nyingi za namna hii jumla yake ni kama lita moja. Oili ikipungua au ikichakaa, sindano huanza kulika. Basi konrodi nzima yapaswa kuwa na nafasi ndogo ya kwenda kushoto na kulia juu ya pini yake, sehemu chache za kumi za milimita. Bila nafasi hiyo oili haipiti na chuma huungua. Lakini ikivutwa juu na chini, kwa urefu wake, mkono haupaswi kusikia kitu. Nafasi ya kwanza ni uzima, ya pili ni ugonjwa. Kiswahili cha gereji huziita zote mbili mchezo.

Hapo ndipo wasomi wa lugha wanapostahili kushtakiwa, wala si mafundi. Fundi ametimiza wajibu wake: amezitwaa krenki, pistoni, ringi, beringi na gasketi, akaziingiza katika ngeli za Kiswahili, pasipo kamati wala posho. Wasomi nao wana sifa yao, na haifai kufichwa. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya heshima. Walakini tangu Tume ya Makweta iliposhauri mwaka 1982 kwamba shule za sekondari zifundishe kwa Kiswahili, ushauri ambao serikali haikuutekeleza, mabishano yamekuwa yale yale: Kiswahili kinaweza au hakiwezi? Swali hilo ni la uvivu. Kinaweza, maana kila siku injini hufunguliwa na kufungwa kwacho. Swali lenye jasho ni kama kinapima. Mchezo wa ubavu na mchezo wa wima: maneno yote yamo katika lugha tangu zamani, hakuna la kubuni, na hakuna aliyekwenda kuyaunganisha.

Husemwa kwamba mkono wa fundi hujua tofauti bila jina. Mkono wa fundi mkongwe hujua, ni kweli. Lakini mkono haupigi simu, na mwanagenzi aliyekuja juzi hurithi neno kabla hajarithi mkono.

Husemwa pia, hasa na wenye mali, kwamba injini iliyofumuliwa kijijini haidumu. Nyingine hazidumu, na sababu yajulikana. Beringi ikivunjika hutapika unga wa chuma ndani ya oili, na unga huo huingia katika pampu na vijia vyote. Krenki mpya ikiwekwa juu ya uchafu huo, bila kuosha pampu na kupuliza vijia, hufa upesi kuliko iliyotangulia. Tena, konrodi mpya ikishindiliwa kwa presi, magurudumu mawili lazima yalinganishwe yawe na mhimili mmoja, yakipimwa kwa saa ya kupimia hata sehemu za mia za milimita. Penye upungufu wa vyombo hivyo, heri kununua krenki iliyokwisha kuungwa kiwandani. Na hiyo bado si injini nzima. Zaidi ya hayo, kasha la zamani likibaki, namba iliyogongwa juu yake hubaki sawa na ile ya kadi ya usajili. Injini ya kuokota kwa muuza vyuma huja na namba ya mtu mwingine, na atakayeulizwa barabarani ni dereva, si bosi.

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kwenda vijijini kukusanya methali na nyimbo za kilimo. Mmoja wao na akae Mkula juma zima na daftari, chini ya mti penye injini zilizofumuliwa, aulize kwa kila chuma: kikiwa kizima mkono husikia nini, kikiwa kibovu husikia nini? Na fundi atakapomwambia kwamba krenki ina mchezo, asiandike kwanza. Aulize, upande upi?